Oili Chafu Haimfai Mbwa wa Tombo

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka Utange, kwa maneno yale yale niliyoyasikia Kiembeni, Mtopanga na Bamburi: "Daktari, niliacha kuwinda tombo tangu mbwa wangu afe. Sasa nimepata mpya, lakini ana kupe na upele. Nimpake oili chafu mara ngapi kwa wiki?" Hakuna anayeuliza kama apake au asipake. Hilo wameshaafikiana na fundi wa gereji. Kwangu wanakuja kutafuta kipimo. Kipimo hakipo. Oili chafu haipakwi mbwa, si mara moja kwa wiki wala mara moja kwa mwaka.

Nianze na pua, maana mwenye mbwa wa tombo anamfuga kwa ajili ya pua. Tombo ni ndege mdogo, uzito wake gramu mia hivi au pungufu, na rangi yake ni ya majani makavu. Akihisi hatari hujilaza au hukimbia chini kwa chini nyasini, na kuruka ni jambo la mwisho. Unaweza kumpita hatua mbili usimwone. Mbwa humpata kwa harufu, tena harufu hafifu inayopeperushwa na upepo wa asubuhi, kwa sababu pua yake ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200 na ya binadamu ina milioni tano au sita tu. Sasa mnyama huyo umempaka kutoka shingoni hadi mkiani oili iliyomwagwa kutoka injini ya matatu, halafu unamtaka akanuse tombo. Ile harufu aliyoibeba mwilini inafunika harufu ya kila ndege aliye mbele yake. Nimeletewa mbwa wazuri wakiitwa wajinga, kumbe wamepakwa jana yake.

Pua kushindwa kazi ndiyo hasara ndogo. Oili ikitumika kwenye injini hukusanya vumbi la vyuma vinavyosagana na masalia ya mafuta yaliyoungua, na baadhi ya kemikali za masalia hayo zinajulikana kusababisha saratani. Hiyo ndiyo inayomwagwa juu ya ngozi yenye vidonda, na ngozi yenye vidonda hufyonza. Kisha mbwa hufanya anachofanya kila mbwa: hujilamba. Kinachoingia tumboni huenda kwenye ini na figo. Akitapika, chembe chache zikiteleza kuingia mapafuni, atapata nimonia ambayo mara nyingi hatuiwezi. Juu ya yote hayo yuko kwenye jua la Mombasa, amepakwa rangi nyeusi, naye hupoza mwili kwa kuhema. Mbwa anayehema kwa mdomo ananusa vibaya hata akiwa mzima.

"Lakini daktari, mbwa wa jirani alipona." Hoja hii naisikia hadi nimechoka, na ina maelezo. Upele wa mbwa mdogo mara nyingi huletwa na vidudu viitwavyo demodeksi, ambavyo huishi ndani ya vinyweleo. Kwa mbwa wengi wachanga, mabaka machache ya upele huo hupona yenyewe kinga ya mwili ikikomaa. Ungempaka oili, ungempaka maji ya madafu, ungemwacha hivyo hivyo, angepona. Oili ilikuwepo tu wakati anapona, ikapewa sifa. Kuna na jambo lingine: oili hulainisha magamba na kufunika ngozi, kwa hiyo siku mbili tatu mbwa anaonekana ametulia na kupe kadhaa wameanguka. Mwenye mbwa anafurahi. Wiki inayofuata kupe wamerudi, naye anaongeza oili.

Tulishawahi kudanganyana hivi hivi kwa jina la ndege huyu huyu. Mwaka 2013 Wakenya waliambiwa kwamba mayai ya kware wa kufugwa, binamu wa tombo wetu, yanaponya kisukari, presha na hata Ukimwi. Bei ya yai ikapanda kupita ya yai la kuku mara nyingi, watu wakakopa kununua vifaranga na mashine za kutotolea, Shirika la Wanyamapori, KWS, likabidi kukumbusha kwamba kumfuga ndege huyo kunataka leseni, na kabla ya mwaka 2014 kwisha soko lilikuwa limeanguka. Walioona nafuu walisimulia kila mahali. Waliozidiwa hakuna aliyewauliza. Gereji nako ni hivyo. Aliyezika mbwa wake haendi kutoa ushahidi kwa fundi.

Kupe wanarudi kwa sababu hawakuwa kwa mbwa peke yake. Kupe wa kahawia, ndiye mkuu wa pwani hii, humpanda mbwa kunywa damu, kisha hushuka. Jike aliyeshiba hutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa, na kupe mkubwa anaweza kukaa miezi mingi bila kula akimngoja mbwa apite. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zisizopigwa plasta zimejaa mianya ya kumfaa, na vivyo hivyo kuta za udongo na mabanda ya makuti. Unaowaona kwenye sikio la mbwa ni sehemu ndogo tu ya waliomo uani mwako. Kumpaka mbwa oili huku ukuta umejaa kupe ni kazi isiyokwisha.

Na kupe huyo ana jambo baya kuliko kunywa damu. Anaambukiza erlikia, ugonjwa wa vijidudu vinavyoingia kwenye chembe nyeupe za damu na kupunguza chembe za kugandisha damu. Mbwa hupata homa, hukonda, fizi hupauka, na siku moja unamkuta anatoka damu puani. Wapo wanaosema amerogwa na mwindaji mwenzao. Hakurogwa. Ameumwa na kupe, na oili uliyompaka ilikupotezea wiki ambazo dawa ingemwokoa. Mkojo ukiwa mwekundu au wa rangi ya kahawa, fikiria babesia, nayo huletwa na kupe na hutibiwa kwa sindano tofauti. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua, kwa hiyo usiniombe dawa kwa simu.

Sasa la kufanya, kwa haraka. Mbwa mpya apimwe damu na ngozi yake ikwanguliwe ichunguzwe kabla ya dawa yoyote. Kwa kupe na upele wa vidudu zipo tembe za fluralaner au afoxolaner, hupewa kwa uzito wa mbwa ndani ya kipande cha nyama. Zinafaa pia nyumba ambazo watu hawapendi kugusa mbwa aliyelowa. Kama ana kifafa, sema kwanza. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isitumiwe kwa kukisia, ivermektini ya ng'ombe nayo huua baadhi ya mbwa, hasa jamii ya koli, na dawa yenye permethrini ikimgusa paka wako utampoteza. Erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini kwa wiki nne hivi, hata akichangamka siku ya tatu. Ziba nyufa kwa simenti, choma matandiko, nyunyiza banda na kuta kwa dawa ya kupe, rudia baada ya wiki chache kwa sababu mayai hayafi yote. Chanjo ya kichaa cha mbwa kuanzia miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mfunze alfajiri kabla ya joto.

Kuhusu kuwinda kwenyewe, niseme bila kuzunguka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa starehe na hata kuwinda kwa kitoweo. Tombo wa porini yumo katika katazo hilo. Nguuni, hapo jirani, ni hifadhi, na mbwa asiachwe kukimbiza ndege pale. Anayetaka kuwinda kwa leseni aulize Tanzania kwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya huko, akiwa na cheti cha chanjo na kibali cha kumvusha mbwa mpaka. Anayebaki hapa anaweza kumfunza mbwa kusimama na kuonyesha kwa manyoya ya kware wa kufugwa, bila kuua kitu.

Kama ulishampaka oili, mfute kwa kitambaa kikavu, mnyunyizie unga unyonye iliyobaki, kisha muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, tena na tena. Usitumie mafuta ya taa wala petroli. Mzuie kujilamba, usimtapishe. Akikohoa, akitapika au akiyumba, mlete siku hiyo hiyo.