Mageuko: Nadharia au Nadharia Tete?

Mnamo Agosti 1984, Kamoya Kimeu, mtafutaji stadi wa visukuku, aliokota kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Uchimbaji uliofuata ulifichua mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka wa 2006, jumba la makavazi jijini Nairobi lilipokuwa likikarabatiwa, baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjilisti, wakiongozwa na Askofu Boniface Adoyo, walipinga namna mifupa hiyo ingeonyeshwa. Walitaka umma uelezwe kwamba mageuko ni nadharia tu. Richard Leakey alilipinga dai hilo vikali.

Fundo la mgogoro limo katika neno "tu". Katika mazungumzo ya kawaida, nadharia ni kinyume cha vitendo, yaani fikira isiyojaribiwa. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yanayofungamanisha ushahidi mwingi. Wazo linalosubiri kupimwa huitwa nadharia tete, istilahi inayojulikana na kila mwanafunzi aliyewahi kuandika pendekezo la utafiti (na pengine ilimtoa jasho). Papa Yohane Paulo wa Pili aliigusa tofauti hiyo mwaka wa 1996 aliposema kwamba mageuko ni zaidi ya nadharia tete, huku akisisitiza kuwa roho ya binadamu huumbwa na Mungu moja kwa moja.

Umri wa mifupa ya Nariokotome haukubuniwa. Ulikadiriwa kutokana na matabaka ya majivu ya volkeno, kwa kupima potasiamu iliyogeuka kuwa gesi ya agoni. Makadirio ya kisayansi husahihishwa. Mathalani, awali ilidhaniwa kwamba mvulana huyo alifariki akiwa na miaka 11 au 12. Uchunguzi wa meno ukaishusha hadi takriban 8. Wapinzani huyaona mabadiliko ya aina hiyo kuwa udhaifu. Hoja hiyo haina mashiko: dai linaloweza kurekebishwa na jino ni dai lililokubali kupimwa.

Imani haijengwi hivyo. Anayekiri kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi hamngojei mchimbaji. Anajibu swali la nani na kwa nini. Ugumu huzuka anapoongeza kwamba dunia ina miaka elfu sita, kwani hapo ameingia maabarani, na majivu yana haki ya kumjibu.

Makavazi hayo yalifunguliwa tena mwaka wa 2008, na mifupa ya mvulana huyo ikaonyeshwa hadharani.