Je, Wajua? Nani hulipia shahada za juu za sanaa, kuanzia Malinyi hadi London

Mhitimu wa historia, fasihi au isimu kutoka Malinyi, katika bonde la Kilombero, akitaja uzamili, swali la kwanza atakaloulizwa nyumbani ni moja: nani atalipa? Majibu, ya jana na ya leo, yana mengi ya kustaajabisha.

Je, wajua kwamba sarufi ya Chipogoro, lugha ya Wapogoro wa huko, ilichapwa Berlin mwaka 1907?
Mwandishi wake, Hendle, alikuwa mmisionari. Kitabu kilitoka katika mfululizo wa Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo cha serikali ya Ujerumani kilichowafunza lugha maofisa waliokuwa wakielekea makoloni. Wakati huo moshi wa Vita vya Majimaji ulikuwa haujatulia bondeni.

Je, wajua kwamba mtawala wa Utengule ana sura yake katika kitabu cha Waingereza?
Mwaka 1935 bwana shauri A. T. Culwick na mkewe, Geraldine, walitoa London kitabu kuhusu Wabena wa bonde la Kilombero, *Ubena of the Rivers*. Sura moja ni ya Mtema Towegale Kiwanga mwenyewe. Culwick hakuwa na ufadhili wa chuo: alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, analipwa mshahara wa utawala. Utengule imo katika bonde hilohilo.

Je, wajua kwamba M.A. ya Mwalimu Nyerere ilikuwa shahada ya kwanza?
Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni, akachukua masomo ya sanaa, historia ikiwamo, akahitimu mwaka 1952. Katika vyuo vikongwe vya Uskoti, M.A. ndiyo shahada anayoanza nayo mwanafunzi wa sanaa. Mwaka 1969, akiwa Rais, alichapisha *Mabepari wa Venisi*, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare.

Je, wajua kwamba mfuko wenye jina lake haukulenga masomo hayo?
Benki Kuu ya Tanzania iliuanzisha mwaka 2009 kwa heshima ya Mwalimu. Umeelekezwa kwenye hisabati, sayansi, TEHAMA, uchumi, uhasibu na fedha. Mwenye shauku ya kuandika tasnifu kuhusu ngano za Wandamba wa Kilombero hana fungu humo.

Je, wajua kwamba Tanzania na Uingereza zilianza mwaka mmoja, zikaenda njia mbili?
Mwaka 2005 Uingereza iliunda baraza la utafiti la sanaa na humanitia, AHRC, ambalo kazi zake ni pamoja na kuwalipia wanafunzi wa uzamivu. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilianza kazi Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya fedha za Bodi huenda kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, tena ni mkopo.

Je, wajua kwamba deni la shahada ya kwanza huweza kuizuia ya pili?
Tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Chukua mwalimu wa Kiswahili wa sekondari Mtimbira: kabla hajaigusa ada ya uzamili, makato yamekwisha kupita. Ndiyo maana wengi huutazama mlango wa ukufunzi msaidizi. Vyuo vikuu vya umma huajiri wahitimu bora, mara nyingi kwa sharti la GPA isiyopungua 3.8, kisha huwasomesha kama watumishi wao.

Je, wajua kwamba satelaiti ya Warusi iliwasaidia Wamarekani kusoma Kiswahili?
Sputnik iliporushwa mwaka 1957, Marekani ilishtuka. Mwaka uliofuata ikapitisha Sheria ya Elimu kwa Ulinzi wa Taifa, na fungu lake la sita likawalipa wanafunzi wa shahada za juu wajifunze lugha za kigeni, Kiswahili kikiwa mojawapo. Ulinzi ndio uliofungua pochi.

Je, wajua kwamba Chindamba na Chipogoro ni ndugu wawili peke yao?
Katika mgawanyo wa lugha za Kibantu wa mwanaisimu Guthrie, kundi G50 lina lugha hizo mbili tu. Hata kuchunguza lugha kama hizo kulihitaji mfadhili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza Mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2001, fedha zilitoka Sida, shirika la misaada la serikali ya Uswidi. Mradi huo ndio uliozaa *Atlasi ya Lugha za Tanzania* mwaka 2009.

Je, wajua kwamba hata mtafiti wa hadithi hupita mlango wa sayansi?
Mgeni anayetaka kuwahoji wazee wa Itete kuhusu historia yao huomba kibali COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986.

Fedha za umma za masomo haya, basi, zimekuwapo kwa zaidi ya karne, ila mara chache zimeitwa kwa jina lake. Zimeitwa utawala, ulinzi, misaada, ajira. Mhitimu wa Malinyi asiache kusoma tangazo kwa sababu tu neno "sanaa" halimo kwenye kichwa. Ashuke hadi kwenye masharti.