Kabla ya Kumlipa Mshauri wa Lishe Marekani

Ndugu zetu wengi hapa Marekani, wakishaambiwa na daktari kwamba sukari imepanda au figo zina matatizo, hukimbilia mshauri waliyeelekezwa kwenye kundi la WhatsApp. Huuziwa ratiba ya mlo na chupa za vidonge, wakalipa kwa fedha zao wenyewe. Kumbe bima waliyo nayo huenda ingewalipia vikao na mtu aliyeisomea kazi hiyo. Mtu huyo anatambulikaje, na nani amlipe?

Angalia herufi baada ya jina

Majimbo mengi hayamzuii mtu kujiita mshauri wa lishe hata kama hakusoma. Tafuta herufi RD au RDN, ambazo zina maana moja. Mwenye herufi hizo amepita mafunzo yaliyoidhinishwa, amefanya kazi chini ya wasimamizi, kisha akafaulu mtihani wa Commission on Dietetic Registration. Tangu Januari 1, 2024, anayetaka kufanya mtihani huo lazima awe na shahada ya uzamili. Waliosajiliwa zamani kwa shahada ya kwanza bado wanatambuliwa. Tume hiyo ina ukurasa mtandaoni wa kuhakiki majina, na majimbo mengi hutoa leseni yao pia. Hakiki kwanza, ndipo ulipe.

Tunao pia wenzetu waliosajiliwa Kenya kama wataalamu wa lishe na taasisi ya KNDI. Elimu yao ni ya kweli na inastahili heshima, lakini usajili huo peke yake hauwafanyi kuwa RDN huku, wala bima haitawalipa kwa huo.

Bima inalipa nini

Wazee wenye Medicare Part B wanalipiwa ushauri wa lishe ikiwa wana kisukari, ugonjwa wa figo, au wamepandikizwa figo katika miezi 36 iliyopita. Sharti ni rufaa ya daktari. Mwaka wa kwanza ni saa 3, na kila mwaka unaofuata ni saa 2, bila mgonjwa kuchangia chochote. Shinikizo la damu peke yake halimo katika orodha hiyo.

Bima nyingi za kazini, na zile zinazonunuliwa kupitia soko la serikali, hutakiwa kugharimia ushauri kwa watu wazima wenye unene uliopitiliza au walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, bila malipo ya ziada, mradi mtoa huduma awe ndani ya mtandao wa bima. Medicaid hutofautiana jimbo kwa jimbo. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 5 wenye kipato kidogo wana mpango wa WIC, ambako ushauri wa lishe ni bure.

Asiye na bima aende kituo cha afya cha jamii kinachopata ruzuku ya serikali kuu. Huko malipo hupangwa kulingana na kipato, na baadhi ya vituo vina RDN. Ukilipa mwenyewe popote, una haki ya kupewa makadirio ya gharama kwa maandishi kabla ya kikao. Bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, unaweza kuipinga.

Kikao kiwe cha chakula chako

Mtaalamu mzuri huanza na sufuria ya nyumbani kwako: ugali kiasi gani, chapati ngapi, chai ina vijiko vingapi vya sukari. Akikukataza wali wa nazi bila hata kuuliza unakula kiasi gani, muulize sababu. Akikubana ununue vidonge vyake, ondoka. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, omba mkalimani wa Kiswahili. Kliniki na hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kumtoa bure, na si kazi ya mtoto wako kukutafsiria habari za figo zako.

Basi, kabla ya kutoa hata dola moja, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya bima. Taja namba za huduma: 97802 kwa kikao cha kwanza na 97803 kwa vya marudio. Uliza kama ugonjwa wako unalipiwa, kama unahitaji rufaa, na ni RDN gani wa karibu aliye ndani ya mtandao. Andika jina la aliyekujibu na tarehe. Huduma hii umeshailipia kupitia makato ya mshahara na kodi, idai.