Mluzi wa Lori Chimala na Ufundi Unaopotea

Siku hizi lori kupiga mluzi linapopita mji wa Chimala si jambo la kumshtua mtu. Dereva husema turbo ina nguvu, utingo anaitikia, safari inaendelea. Mazoea hayo yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu yanaonyesha jinsi ufundi wa magari makubwa unavyoporomoka katika Barabara Kuu ya TANZAM.

Mji wenyewe ni mtihani wa injini. Malori yanayokwenda Tunduma yakiimaliza tambarare ya Usangu yanaelekea Igurusi, Mswiswi na Inyala, kisha yanapanda hadi Uyole, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Kutoka Matamba, Fuso za viazi zinashuka kwa barabara yenye kona 57. Nyingine zinatoka Ubaruku na Rujewa zikiwa na mpunga, zimekunywa vumbi la kiangazi njia nzima.

Mara nyingi kisa huanzia kwenye bomba la hewa. La kiwandani linapasuka, linafungwa la kuchomelea au la plastiki. Mpira wenye mkunjo wake maalumu unabadilishwa kwa mpira wowote unaoenea, ukabanwa kwa klipu moja. Wengine huondoa hata kasha la chujio wakaweka chujio la wazi, wakiamini injini itapumua vizuri zaidi. Kumbe kasha lile lilikuwa na kazi mbili: kulinda chujio na kumeza mvumo. Likitolewa, sauti mpya lazima ije, na swali ni kama sauti hiyo ina madhara au haina.

Kulijibu kunahitaji mpangilio. Kwanza fundi aulize sauti inatokea lini. Mluzi unaokuja lori likiwa na mzigo mlimani, ukapotea injini ikiwa silensa, bila kukanyaga mafuta, aghalabu ni hewa inayovuja baada ya turbo, kwenye mipira ya intakula. Mvumo unaozuka kwenye mizunguko fulani tu, kisha ukatoweka, hutokana na urefu na upana wa bomba lenyewe. Mlio wa kugonga barabara ikiwa mbovu unamwelekeza kwenye mabano yaliyolegea. Turbo ikilia hata bila mzigo, injini izimwe, iachwe ipoe, kisha shafti ya turbo itikiswe kwa kidole. Ikicheza hadi mapanga yaguse ukuta, haifai kuendelea na safari.

Upande wa shinikizo hupimwa kwa maji ya sabuni: injini ikipigwa resi, povu linaweza kuonyesha tundu. Upande wa kufyonza ndio unaowashinda wengi, kwa kuwa pale hewa inaingia badala ya kutoka, na povu halitokei. Hapo kipimo cha uhakika ni kitambaa cheupe. Injini ikiwa imezimwa, fungua mpira unaoingia kwenye turbo, ingiza kitambaa ndani ya bomba, futa ukuta wake. Kikitoka safi, tafuta tatizo kwingine. Kikitoka na vumbi, vumbi hilo limekwishapita chujio, au limeingilia mahali ambapo chujio halipo.

Hasara ya vumbi hilo inahesabika. Injini ya lita 12 inayozunguka mara 1,800 kwa dakika huvuta takriban lita 10,800 za hewa kila dakika, kabla turbo haijaongeza chochote. Kwa kiasi hicho, ufa mdogo tu kwenye mpira unatosha kupitisha vumbi linalosaga mapanga ya turbo, ringi na slivu. Baada ya muda injini inakula oili, moshi unageuka wa bluu, na tajiri anaambiwa afanye oveholi. Klipu ya bei ndogo imekwishazaa deni la mamilioni.

Kwa nini tumefika hapa? Zamani magari yalikuwa ya aina chache. Kiwanda cha TAMCO cha Kibaha kiliunganisha Scania, na kampuni za umma za uchukuzi zilikuwa na karakana zao, hivyo fundi aliijua injini moja kwa undani. Tusiupambe mfumo ule, maana nao uliyumba kwa uhaba wa fedha za kigeni na spea. Lakini ulipoondoka, utaratibu wa kufundishana kazini uliondoka nao. Yakaja malori yaliyotumika ya kila chapa, na spea za kila daraja, feki zikiwemo. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, haikufikia uwezo uliokusudiwa, na mzigo ukahamia barabarani, ambako kila saa ya kusimama ni hasara.

Katika hali hiyo fundi hulipwa kwa kunyamazisha kelele. Hakuna anayemlipa kwa kutafuta chanzo. Dereva anahesabu safari, tajiri yuko mbali na anauliza gari limeondoka saa ngapi, muuza spea anauza kinachonunulika. Fundi anafunga mpira wa kiraka, kelele inapungua, kila mmoja anaridhika. Kijana anayejifunza pale gerejini anaona kwamba kazi imeisha, na kesho atafanya vivyo hivyo. Kudorora kwa ufundi kunarithishwa namna hii, bila mtu yeyote kuwa mvivu wala mwenye nia mbaya.

Tiba haihitaji mashine za gharama. Wenye malori wakubali kulipia uchunguzi kama kazi yenye bei yake, kabla spea haijaguswa. Kila lori liwe na daftari la chujio: lilibadilishwa lini, likiwa na kilomita ngapi, ni la aina gani. VETA iwapime na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani, na mtihani wa mfumo wa hewa uwe wa vitendo, kwa sabuni na kitambaa. Mwenye lori anayekataa kulipia nusu saa ya uchunguzi hajaokoa kitu: atalipa Uyole au Tunduma, kwa bei ya injini nzima.