Presha na upungufu wa kalsiamu: jina lisitudanganye



Ndugu msomaji, katika ziara za kichungaji kwenye jumuiya ndogondogo za Karagwe na Kyerwa tunakutana na wazee wenye presha ambao wameambiwa pia wana upungufu wa kalsiamu. Wamepewa vidonge vya kalsiamu. Kisha jirani aliyesoma kidogo anawaeleza kwamba amlodipini wanayomeza kila siku ni "dawa ya kuzuia kalsiamu". Mzee anaona moja inajenga na nyingine inabomoa, basi anaiacha ile ya presha. Sisi si madaktari, ni wanafunzi wa falsafa, lakini hapa tatizo la kwanza ni la mantiki: jina limechukuliwa kuwa ndicho kitu chenyewe.

Karibu 99% ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki ndicho kinachowezesha misuli kukaza, neva kupeleka taarifa na damu kuganda. Amlodipini, na ndugu yake nifedipini, huziba vijia ambavyo kalsiamu hupitia kuingia ndani ya misuli ya kuta za mishipa ya damu. Misuli hiyo ikilegea, mishipa hutanuka na presha hushuka. Ni hayo tu. Dawa hizi hazichoti kalsiamu kwenye mifupa. Anayeziacha bila kumwambia daktari haokoi mifupa yake, bali anaikaribisha presha ipande kimyakimya hadi kiharusi.

Dawa za presha zinazogusa kweli kiasi cha kalsiamu ni zile za kuongeza mkojo, nazo hazifanani. Frusemaidi hutoa kalsiamu nyingi kwa njia ya mkojo. Bendrofluazaidi hufanya kinyume, huizuia isipotee. Kwa hiyo anayetumia bendrofluazaidi pamoja na vidonge vingi vya kalsiamu na vitamini D anaweza kuzidisha. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kufunga choo, kichefuchefu, hata kuchanganyikiwa. Ndiyo maana tunawaomba wagonjwa wabebe dawa zote kwenye mfuko mmoja siku ya kliniki, pamoja na zile walizonunua duka la dawa.

Upungufu wenyewe una vyanzo vingi: chakula, ukosefu wa vitamini D, ugonjwa wa figo. Kimoja kinasahaulika, nacho ni oparesheni ya rovu. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne vidogo kama punje, vinavyosimamia kalsiamu katika damu. Vikiondolewa au kuumia wakati wa oparesheni, kalsiamu hushuka. Mgonjwa anahisi ganzi na kuchomachoma kwenye midomo na vidole, mikono inakakamaa, na hali ikizidi anapata degedege. Mtu wa namna hii maziwa peke yake hayamtoshi. Anahitaji dawa na kupimwa damu mara kwa mara. Akipata degedege au koo kubana, apelekwe hospitali mara moja, iwe Nyakahanga au iliyo karibu zaidi, wala familia isikeshe ikibishana kama ni mapepo.

Sasa chumvi, maana hapo magonjwa haya mawili yanakutana. Chumvi nyingi hupandisha presha, na pia huvuta kalsiamu itoke na mkojo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa ile iliyo ndani ya chakula chote. Lakini kupunguza si kuacha. Hiyo kidogo iwe chumvi yenye madini joto, tusije tukarudisha rovu.

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa ya mililita 250 hutoa karibu 300, na mtindi haupungukiwi sana; samli karibu haina kitu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina (na Ijumaa hawavunji sheria). Mchicha una kalsiamu, ila sehemu yake mwili hauipati. Ndizi zetu zina potasiamu inayosaidia presha, isipokuwa kwa mwenye figo mbovu. Huyo aulize kwanza.

Vidonge vya kalsiamu visimezwe pamoja na vya madini ya chuma. Anayetumia homoni ya tezi ya shingo atenganishe kwa saa 4.

Kwa kina mama wajawazito wasiopata kalsiamu ya kutosha katika chakula, vidonge hivi hupunguza hatari ya presha ya ujauzito inayoweza kuleta kifafa cha mimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliohusisha wajawazito 11,000 Dar es Salaam na wengine 11,000 India, ulionyesha kwamba kwa kuzuia presha hiyo miligramu 500 kwa siku hazikuzidiwa na 1,500. Kidonge kimoja badala ya vitatu si jambo dogo kwa mama anayetembea mbali kufika zahanati.

Na kwa kuwa tunaulizwa kila Kwaresima: kanuni ya 1252 haimfungi kufunga aliyekwisha kuanza mwaka wa 60, na mgonjwa hatakiwi kuacha dawa kwa ajili ya mfungo. Ameze dawa yake, na kama inahitaji chakula, ale.