Jumapili ya familia, mama akiwa mjamzito: Mugara, ufukweni au Bujumbura?

Ndugu zetu walioko Uarabuni hututumia picha za Ferrari World ya Abu Dhabi, yenye gari la reli, Formula Rossa, linalofikia kilomita 240 kwa saa. Watoto wa Gatete, hapa kwetu Rumonge, wakiziona, usingizi unaruka. Lakini kwenye magari ya namna hiyo sharti ni moja popote duniani: mjamzito hapandi. Familia inalipa kiingilio, yeye anabaki kushika mikoba na viatu vya wengine. Kwangu hiyo ni pesa iliyopotea, na ndicho kipimo ninachokitumia hata hapa kwetu. Kabla hamjatoka, ulizeni kila faranga itamfaa nini mama mwenye tumbo.

Mugara, kwenye maji ya moto, nauli ni nafuu, na bibi mwenye magoti yanayouma atashukuru. Mjamzito ndiye anayepunjwa. Joto la mwili wake likipita nyuzi 39, hasa miezi mitatu ya mwanzo, linaweza kumdhuru mtoto, kwa kuwa ndipo ubongo na uti wa mgongo vinapojengeka. Kwa hiyo asijitumbukize. Achovye miguu kidogo, anywe maji, akae kivulini. Sasa amekuwa mshika mikoba, kama kule Abu Dhabi. Kama safari ni kwa ajili yake, msianzie huko.

Ufukweni mwa Rumonge ndiko ninakokupendekeza, ila gharama inategemea mnavyokwenda. Mkikaa kwenye baa ya ufukweni mnalipia kiti, kivuli na mandhari ndani ya bei ya soda na samaki, na watoto wanne hawaishiwi kiu. Njia ya pili ni kwenda mwaloni asubuhi mitumbwi inaporudi, mkachagua wenyewe samaki aina ya mukeke. Mkiinua shavu lake mkute jekundu, si la kahawia, na jicho liwe limejaa. Mpasueni, mpakeni chumvi na ndimu, mwacheni juu ya mkaa mpaka nyama iachane na mfupa bila kuvutwa, maana mjamzito hapaswi kula samaki aliye mbichi katikati. Muhogo na pilipili mnabeba kutoka nyumbani. Pesa iliyobaki mkodishieni mama kiti chenye mgongo. Mchanga unapendeza kwa nusu saa tu, baada ya hapo kiuno kinadai chake.

Kuhusu maji ya ziwa, nawasihi msilegee. Tanganyika ina kichocho, na konokono wanaokieneza hupenda sehemu zilizotulia zenye majani. Mjamzito akikipata, upungufu wa damu unamwelemea zaidi. Shirika la Afya Duniani limekubali tangu 2002 kwamba mjamzito anaweza kutibiwa kwa prazikwanteli, lakini kutoingia penye majani hakugharimu chochote. Mamba na viboko nao wapo, basi waulizeni wavuvi wa hapo kabla mtoto yeyote hajavua shati.

Bujumbura ni kilomita kama 75 kutoka Rumonge na ndiyo ghali kuliko zote, hasa mafuta yanapoadimika na nauli kupanda siku hiyohiyo. Watoto watafurahia mamba na nyoka wa Musée Vivant, na njiani, pale Mugere, mnaweza kunyoosha miguu kwenye jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya 25 Novemba 1871. Tatizo ni gari. Kwenye probox abiria wa nyuma wanabanana, na mama wa miezi saba hawezi kubanwa njia nzima. Hesabu ya kweli basi ni kumlipia kiti cha mbele peke yake, au viti viwili nyuma, na kumwomba dereva asimame kila baada ya saa moja atembee kidogo, damu isigande miguuni. Mkanda wa kiunoni upite chini ya tumbo, juu ya mapaja, kamwe usikatize katikati. Msipoweza kulipia nafasi hiyo, ahirisheni. Pikipiki wala msiihesabu kama njia ya kupunguza gharama.

Wakati mzuri wa safari ndefu ni kati ya wiki ya 14 na ya 28, kichefuchefu kikiwa kimepungua na tumbo halijawa zito. Baadaye, ufukwe wa jirani unatosha. Tangu 2006 kujifungua katika vituo vya afya vya serikali Burundi ni bure, lakini uchungu ukimkuta mbali na kituo chake, gari la dharura usiku mnalilipa wenyewe, na dereva anajua hamna uwezo wa kubishana bei. Kwa hiyo kadi ya kliniki ikae mfukoni mwa mama mwenyewe, si kwenye begi la chakula, na nauli ya kumrudisha iwekwe kando kabla soda ya kwanza haijafunguliwa.