Feni Ipi Inafaa Jengo Lako?

Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi vya Mkoa wa Mwanza, na watu wananunua feni. Hilo ni jambo jema. Lakini tumeona feni ya dari imefungwa jikoni, kwenye hoteli ya chai, na moshi bado unawatoa wapishi machozi. Kwa nini? Kwa sababu feni ile siyo ya kazi hiyo.

Feni ya dari haileti hewa mpya wala haitoi hewa chafu. Inazungusha ile ile iliyomo ndani. Ukikaa chini yake jasho linakauka, unasikia baridi. Basi hiyo ni ya sebuleni au darasani, mahali penye madirisha ya kufungua. Feni ya kusimama ni hivyo hivyo, ila yenyewe unaweza kuihamisha.

Jikoni panataka feni ya kutoa hewa. Hii hufungwa kwenye tundu, juu ukutani, maana moshi na mvuke hupanda juu. Lakini jamani, hewa ikitoka lazima nyingine iingie! Acha tundu jingine chini, katika ukuta wa upande wa pili. Ukiziba kila mahali, feni itazunguka bure.

Sasa, feni ya ukubwa gani? Tufanye hesabu. Jiko lenye urefu wa mita 4, upana mita 3 na kimo mita 2 na nusu lina mita za ujazo 30. Hewa ya jikoni inafaa ibadilishwe kama mara 15 kwa saa. 30 mara 15 ni 450. Basi tafuta feni inayotoa mita za ujazo 450 kwa saa, au zaidi. Mara nyingi namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Isome mwenyewe, usikubali kuambiwa tu "hii kubwa, itatosha".

Sisi wa kando ya ziwa tuangalie na upepo. Mchana hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Kwa jiko la mchana, usifunge feni ukuta unaotazama ziwa, maana upepo utaurudisha moshi ndani. Ifunge upande wa nyuma.

Kuna jambo moja feni haliwezi. Jiko la mkaa likiwaka chumbani hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haionekani wala hainuki. Kichwa kinauma, mtu analegea, analala, haamki tena. Feni ya dari haiiondoi sumu hii. Hata ile ya kutoa hewa usiitegemee: umeme ukikatika inasimama, na mkaa unaendelea kuwaka. Toa jiko nje kabla ya kulala.

Halafu wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kama wingu la moshi. Usiku hufuata taa, wakanasa kwenye wavu wa feni mpaka hewa haipiti. Zima umeme kwenye swichi kubwa, fungua wavu, usugue kwa brashi, uache ukauke ndipo uwashe.